Binti Yangu, Farasi wa Kiarabu na Udhamini: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu binti yangu aanze kushindana na farasi wa Kiarabu hapa Ohio, simu yangu haipumziki. Shangazi zake wa Mombasa wanauliza, jirani zetu wa Columbus wanauliza, na siku hizi wanaopiga zaidi ni wazazi wenzangu Waswahili ambao watoto wao wameshikwa na mapenzi hayohayo na hawajui gharama zitatoka wapi. Nimeyakusanya maswali yao hapa ili nisiwe najibu kila mtu peke yake usiku wa manane.

Haya ni mashindano ya mbio?

La. Farasi kumi au zaidi huingia uwanjani pamoja, kila mmoja na mpandaji wake, wakazunguka ukingoni. Mtangazaji huita mwendo: tembea, troti (kukimbia kidogo), kanta (mbio za taratibu), geuka. Waamuzi husimama katikati na karatasi zao. Katika vipengele vingi anayetazamwa ni farasi: mwendo wake, utulivu wake, na jinsi anavyomsikiliza aliye mgongoni. Vingine humtazama mpandaji mwenyewe, yaani mgongo, mikono, kisigino kilichoshuka, macho yanayotazama mbele na si chini. Kuna mtindo wa Kiingereza ambao farasi hunyanyua magoti juu, kuna mtindo wa Magharibi wenye tandiko zito na mwendo wa taratibu, na kuna mtindo wa uwindaji (hunter) ulio kati ya hiyo miwili. Watoto wa miaka 10 kwenda chini wana vipengele vyao vya kutembea na troti tu, bila kanta.

Ndugu zetu wa Muscat wanasema mashindano ya farasi wa Kiarabu ni ya uzuri, na hakuna anayepanda. Nani mkweli?

Wote. Ghuba na Ulaya, maonyesho makubwa ya farasi wa Kiarabu ni ya kumwongoza farasi kwa kamba mbele ya waamuzi wanaotoa alama za kichwa, shingo, miguu na mwendo. Marekani kipengele hicho kipo, lakini kupanda ndiko kunakowaleta watoto wengi uwanjani. Kuna hata kipengele cha mavazi ya asili, ambacho mpandaji huvaa joho la rangi kali, shanga na vishada hadi kwenye kifua cha farasi. Ukimtumia picha mtu wa Oman atakuuliza ni asili ya wapi hiyo. Ni mavazi ya maonyesho yaliyobuniwa Marekani, na nadhani ni haki mtoto wetu aambiwe hivyo kabla hajavaa, kisha avae kwa furaha.

Nani anasimamia?

Chama cha Arabian Horse Association (AHA), kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganisha vyama viwili vya zamani. Husajili farasi wa Kiarabu halisi, wa nusu Kiarabu (mzazi mmoja awe Mwarabu halisi), na wale waliochanganywa na Thoroughbred (aina ya farasi wa mbio). Kimeigawa nchi pamoja na Kanada katika kanda 18. Kanuni za uwanjani zinatoka shirikisho la farasi la nchi, USEF. Kilele cha vijana ni mashindano ya kitaifa ya mwezi wa Julai, ambayo kwa miaka ya karibuni yamekuwa Oklahoma City, kwa wenye umri wa miaka 18 kwenda chini. Umri unaohesabiwa ni ule wa Desemba 1, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Novemba na aliyezaliwa Januari wanaweza kuwa madaraja tofauti. Angalieni hilo kabla ya kulipa ada.

Kuna tofauti gani kati ya mfadhili na mdhamini? Si wote wanatoa pesa?

Lugha yetu imeshatupa jibu, ila sisi hatulisikilizi. Mfadhili anakufanyia fadhila. Anatoa kwa wema wake, anaweza kuacha kesho, na wewe huna cha kumdai wala yeye hana cha kukudai. Mdhamini anaweka jina lake juu yako. Ukifanya vizuri jina lake limefanya vizuri. Ukimtesa farasi mbele ya watu, umemtesa na jina lake. Kwa hiyo mdhamini ana haki ya kuuliza maswali, na wewe una wajibu wa kuyajibu kwa karatasi.

Nalisema hili kwa sababu sisi tumelelewa katika michango. Harusi, msiba, matibabu: tunaunda kundi la WhatsApp, tunataja kiasi, watu wanatuma. Ni jambo zuri, na limezika wazee wetu kwa heshima. Lakini nimeona wazazi wakiingiza ada za mashindano katika kundi lilelile la misiba. Mara ya kwanza watu hutoa. Mara ya tatu hunyamaza, na kisha ukija msiba wa kweli wamekwisha kuchoka. Mashindano ya farasi si dharura. Msiyaombee kwa sauti ya dharura.

Basi tuanze kuomba nini?

Farasi.

Hili ndilo ninalotaka kila mzazi alishike. Watoto wengi huandika barua ya kuomba pesa za kununua farasi, na karibu barua zote hizo huishia kimya. Hakuna duka la vyakula wala kampuni ya malori itakayomnunulia mtoto wa mtu farasi. Lakini nenda kwenye zizi lolote la farasi wa Kiarabu, utakuta farasi mwenye umri wa miaka 14 au 16, mzoefu, mpole, anayejua uwanja kuliko mwamuzi, anakula majani tu. Mwenye farasi ana maumivu ya nyonga. Au binti yake aliyekuwa akimpanda ameenda chuo. Farasi huyo anahitaji mtu, na mwenyewe anatamani kumwona tena uwanjani kabla hajazeeka. Kukupa farasi huyo kwa msimu mmoja, ukigharamia matunzo au sehemu yake, ni udhamini mkubwa kuliko hundi yoyote utakayoandikiwa na mgeni.

Na haupatikani kwa barua. Unapatikana kwa kuonekana. Binti yangu alikuwa akifika zizini Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, anazoa samadi, anajaza ndoo za maji, anasugua matandiko ya watu wengine kwa sabuni ya ngozi. Kwa mwaka mzima hakuomba chochote. Siku moja bibi mmoja mwenye farasi jike wa kijivu alimwona akimsafisha kwato: alikuwa ameinama, ameshika mguu katikati ya mapaja yake, anaongea na yule farasi kwa Kiswahili, "Pole mama, bado kidogo." Yule bibi alisimama pale muda mrefu, kisha akamuuliza kama angependa kumpanda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku ile mwanangu alikuwa ameinama kwelikweli.

Gharama zenyewe ni zipi? Tupeni ukweli.

Bei hutofautiana sana baina ya jimbo na jimbo, kwa hiyo nitawapa vitu, bei mtaulizia kwenu.

Farasi hula majani makavu kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kila siku. Farasi wa Kiarabu mwenye kilo 400 atakula kilo 6 hadi 8, ambazo kwa mwaka zinakaribia tani 3 kwa mlaji mzuri. Fundi wa kwato huja kila wiki 6 hadi 8, na farasi wa mashindano huvaa viatu vya chuma, kwa hiyo bei ni kubwa kuliko kukata tu. Daktari wa mifugo: chanjo, meno, na kipimo cha damu cha Coggins cha kuthibitisha kuwa farasi hana upungufu wa damu wa kuambukiza. Bila karatasi ya kipimo hicho hupiti lango la uwanja. Ukivuka mpaka wa jimbo unahitaji pia cheti cha afya. USEF inadai chanjo za mafua na herpes (kirusi) za farasi ziwe zimetolewa ndani ya miezi 6.

Kisha mkufunzi, ambaye kwa familia nyingi ndiye bili kubwa kuliko chakula. Kisha siku za mashindano: ada ya kila kipengele, kibanda cha farasi, kibanda cha pili cha kuweka matandiko, maranda ya kulalia, ada ya ofisi, uanachama wa AHA na wa USEF, hoteli, mafuta ya gari. Kutoka Columbus hadi Oklahoma City ni karibu kilomita 1,500, yaani kama Mombasa hadi Nairobi mara tatu, na huko nyuma ya gari umefunga trela yenye mnyama ambaye lazima asimamishwe, anyweshwe na apumzishwe.

Nguo za mashindano ni ghali na watoto hurefuka. Nunua zilizovaliwa. Kitu kimoja tu nunua kipya: helmeti. Iliyokwisha kupigwa katika anguko huenda isionyeshe ufa wake kwa nje.

Mliwahi kupata hasara?

Ndiyo, na inaniuma hadi leo. Msimu wa pili tulipewa farasi mwingine kwa maneno ya mdomo. Mwenyewe alikuwa mtu mkarimu, tulikunywa naye kahawa, nikaona aibu kumtolea karatasi mtu anayenisaidia. Tukalipa majani, tukalipa fundi wa kwato, tukaanza kuingia mashindano. Wiki tatu kabla ya mashindano ya kanda, ambayo ndiyo njia mojawapo ya farasi kufuzu kwenda ya kitaifa, alipata mnunuzi. Alituambia Jumatatu, Jumatano kibanda kilikuwa kitupu, na jina la farasi bado limeandikwa kwa chaki mlangoni kwa mkono wa mwanangu. Hakuvunja ahadi yoyote, kwa kuwa hakuna ahadi iliyoandikwa.

Sasa hatugusi hatamu bila mkataba. Uandike: unaanza lini na unaisha lini, nani analipa majani, kwato, daktari, na nani analipa farasi akiumia uwanjani, kama kuna bima, nani anaruhusiwa kumpanda, mnunuzi akija katikati ya msimu itakuwaje, na notisi ni ya siku ngapi. Daktari amkague farasi kabla, ili kilema cha zamani kisije kuwa deni lako. Mwenye farasi anayekuheshimu hataudhika na karatasi. Yule bibi wa farasi wa kijivu ndiye aliyenifundisha kuandika kifungu cha notisi, na alikiongeza yeye mwenyewe upande wetu.

Barua ya kuomba udhamini iandikwe vipi?

Iwe fupi, iombe kitu kimoja, na iseme wewe mwenyewe unaweka nini. Hii hapa ni ile aliyoiandika binti yangu kwa mwenye kampuni ya usafirishaji, mtu wa pwani kama sisi. Nimeiondolea majina:

"Assalaam alaikum Ami, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tisa na nimekuwa nikipanda farasi kwa miaka sita. Farasi ninayempanda si wetu. Mwenyewe amenipa kwa msimu mzima. Akifuzu, mwezi wa Julai tutakwenda Oklahoma City kwenye mashindano ya kitaifa ya vijana. Wazazi wangu wanalipa ada na chakula cha farasi, nami nimeweka akiba kutokana na kazi ya zizini. Kilichobaki ni usafiri wa farasi kwenda na kurudi. Nimeambatisha makadirio ya msafirishaji. Naomba kampuni yako ilipe nusu. Jina la kampuni litakuwa kwenye pazia la kibanda chetu siku zote za mashindano, na kila mwezi nitakuandikia maendeleo, yawe mazuri au mabaya. Ikiwa haiwezekani mwaka huu sitavunjika moyo, na nitafurahi nikipata ushauri wako."

Alijibu kwa simu siku ya pili. Aliniambia kilichomgusa ni maneno "yawe mazuri au mabaya."

Mtoto aandike mwenyewe. Mzazi asome, asahihishe tarehe na hesabu, aache sauti ya mtoto ilivyo. Mfanyabiashara anajua barua ya mama akiiona.

Kampuni inapata faida gani hasa?

Msiahidi msichoweza. Mtoto hawezi kumletea duka wateja mia. Anachoweza kutoa ni jina kwenye kibanda. Katika mashindano ya Kiarabu vibanda hupambwa kwa mapazia na rangi za zizi, na watu hupita kutazama. Anaweza kutoa shukrani kwenye kurasa zake za mtandaoni chini ya usimamizi wa mzazi, na picha nzuri ambazo kampuni inaweza kutundika ofisini. Njia nyingine ambayo wengi hawaijui: mashindano mengi huuza udhamini wa kipengele kimoja. Kampuni hulipa ada ndogo, mtangazaji hulisoma jina lake, na mara nyingi mwakilishi wake huitwa kumkabidhi mshindi utepe. Mfanyabiashara aliyesimama katikati ya uwanja akashika hatamu za farasi kwa picha, mwakani hutamsaka.

Ndani ya uwanja, matangazo kwenye nguo na matandiko yana kanuni zake. Someni kitabu cha mwaka husika kabla ya kushona nembo ya mtu.

Na msiwasahau wanaouza vitu vya farasi. Mwenye duka la matandiko huona rahisi zaidi kutoa punguzo, chakula cha ziada au blanketi kuliko kutoa fedha taslimu. Vipokeeni, viandikeni, vihesabuni kama udhamini, kwa sababu ni udhamini.

Mtu nisiyemjua amemwandikia mwanangu moja kwa moja akisema atamdhamini. Nifanye nini?

Mjibu wewe, mzazi. Mtoto asijibu peke yake hata neno moja. Kanuni za ulinzi wa watoto katika michezo hapa Marekani, zinazofuatwa na USEF chini ya SafeSport (kituo cha kulinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji), zinataka mawasiliano ya mtu mzima wa michezo na mtoto yawe ya wazi na mzazi aunganishwe, na wakikutana ana kwa ana iwe mahali wanapoonekana na mtu anaweza kuwakatiza. Mdhamini mwema atafurahi kuzungumza nawe. Anayesema "hii ni siri yetu" si mdhamini, na taarifa zake zipelekwe kwa wahusika siku hiyohiyo.

Anayeomba mlipe "ada ya usajili" ndipo mpate udhamini, huyo ni mwizi. Hapo msisumbuke kufikiri.

Je, mtoto akipokea udhamini anahesabiwa kuwa mtaalamu wa kulipwa?

Kanuni za USEF hupima hadhi ya mtu kwa aliyoyafanya baada ya kutimiza miaka 18: kulipwa ili apande, afunze farasi au afundishe wengine. Mdogo ana nafasi pana. Lakini kijana wa miaka 17 asiingie mkataba unaovuka mwaka bila kusoma, maana akitimiza 18 ukampa malipo ya kupanda farasi wa mtu, atajikuta upande mwingine wa uwanja, akishindana na waliolipwa maisha yao yote. Na ikiwa ana ndoto ya kupanda kwenye timu ya chuo, chuo kina ofisi yake ya kanuni. Awaulize wao kwa maandishi.

Mdhamini anaweza kukata alichotoa kwenye kodi kama sadaka?

Pesa anayopewa mtu binafsi haihesabiwi kuwa sadaka mbele ya mamlaka ya kodi ya Marekani, hata kama mtoto ni wa ajabu. Kampuni inaweza kuiandika kama gharama ya matangazo ikiwa kweli ilitangazwa. Mhasibu wake ndiye wa kuamua. Msimwambie mtu vinginevyo ili tu atoe.

Hatuna uwezo hata wa masomo ya kupanda. Tukate tamaa?

Hapana. Klabu za vijana za 4-H zipo karibu kila wilaya, na nyingi zina masomo ya farasi kwa watoto wasio na farasi: magonjwa, chakula, viungo vya mwili, namna ya kumhukumu farasi kwa macho. Chama cha wapanda farasi wa shule, IEA, kina mashindano ambayo mwenyeji huleta farasi na watoto hupangiwa kwa kura. Huko si mashindano ya Kiarabu, lakini mtoto anayeweza kumpanda farasi aliyekutana naye dakika chache zilizopita anatamanika na kila mwenye zizi. Na kwa masomo ya chuo, Arabian Horse Foundation hutoa ufadhili kwa vijana. Huo ni wa karo, usiuchanganye na wa mashindano.

Tukishapata udhamini?

Tumeishi Lamu, tunawajua punda, na tunajua msemo wa shukrani ya punda. Mdhamini asisikie habari zenu mnapohitaji tena tu. Binti yangu huandika ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi. Mwezi wa farasi kuvimba mguu aliandika hivyo, akaweka na bili ya daktari. Mwezi alioshika nafasi ya mwisho aliandika kwamba alikosa kanta ya mguu sahihi (mguu unaopaswa kutangulia) mara mbili na anafanya nini kuirekebisha. Stakabadhi zote zinaingia kwenye faili la buluu, na mdhamini anaweza kulifungua siku yoyote.

Kwenye ya kitaifa, kumi bora wanatambuliwa, bingwa huvishwa maua ya waridi. Wengi hurudi bila chochote. Mwambieni mdhamini hilo kabla hajatoa, si baada.

Mimi sina pesa wala farasi. Naweza kusaidia?

Unaweza, na wengi wameshasaidia. Ami mmoja alitukagua matairi na breki za trela kabla ya safari, akakataa malipo. Mama mwenzangu hutupikia mahamri ya njiani. Na nyanya yake mwanangu, alipokuja kututembelea kutoka Lamu, alilikuta lile joho la mavazi ya asili tulilolinunua limekwisha kuvaliwa, shanga zimepukutika bega zima. Alikaa dirishani siku nne na miwani yake na sindano ile anayoshonea kofia za viua. Alipomaliza, bega moja lilikuwa na shanga za Kimarekani, na la pili lilikuwa na mshono wa kofia ya Lamu.